Pima upana wa ukurasa wa bei kwa herufi, si kwa pikseli

SOMO LA WIKI: Kwa wafanyabiashara, madalali na vyama vinavyotangaza bei za mazao kwenye tovuti

Mwenye magunia ya mahindi pale Kate, wilayani Nkasi, ana masoko zaidi ya moja ya kuyafikiria. Anaweza kumuuzia mnunuzi anayepita kijijini na lori. Anaweza kupeleka mzigo Sumbawanga mjini, ama kwa wanunuzi wa jumla, ama kwa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) pale wakala huo unapofungua ununuzi. Anaweza kuungana na wenzake wakajaza lori hadi Tunduma, ambako mzigo huvuka kwenda Zambia, au wakaushusha Kasanga kwenye Ziwa Tanganyika, ambako nafaka hupakiwa kwenda Kongo na Burundi. Tofauti ya bei kati ya masoko hayo, baada ya kutoa gharama ya gari, ushuru na magunia, ndiyo faida yake au hasara yake.

Siku hizi wengi huitafuta tofauti hiyo kwenye simu. Madalali, maduka ya pembejeo, vyama vya ushirika vya msingi na wenye malori hufungua tovuti na kuweka bei za wiki. Ni jambo jema. Hata hivyo, ukurasa wa bei uliopangwa vibaya unaweza kumtia mtu hasara ingawa kila tarakimu iliyomo ni sahihi. Somo la wiki hii linahusu jambo moja tu la mpangilio, nalo ni upana wa ukurasa.

Tuchukue mfano wa kubuni. Dalali ana jedwali lenye safu sita: soko, zao, kipimo, bei ya chini, bei ya juu na tarehe. Fundi wake amelipanga kwenye ukurasa wenye upana wa pikseli 960, nao unapendeza sana kwenye kompyuta ya ofisini. Mkulima anaufungua akiwa Kate kwa simu ambayo upana wake ni pikseli 360. Hapo hutokea moja kati ya mambo mawili. La kwanza, simu inaubana ukurasa mzima uingie kwenye kioo, na herufi iliyokuwa ya pikseli 16 inaonekana kana kwamba ni ya pikseli 6, maana 360 ni asilimia 37.5 ya 960. Hakuna anayesoma herufi za namna hiyo juani. La pili, simu inaacha herufi katika ukubwa wake, na msomaji analazimika kuusukuma ukurasa pembeni kwa kidole ili aione bei ya juu na tarehe. Akiisha kuusukuma, jina la soko limekwisha potea upande wa kushoto.

Sasa kidole kimeteleza mstari mmoja. Bei ya Tunduma imesomwa kuwa ya Sumbawanga. Kama tofauti yake ni shilingi 40 tu kwa kilo, na mzigo ni magunia 100 ya kilo 100, hesabu imekosewa kwa shilingi 400,000. Mkulima atakataa bei halali ya mnunuzi wa kijijini, au atakodi gari kufuata bei ambayo haipo. Dalali naye ataitwa mwongo, wakati jedwali lake halina kosa hata moja.

MZANI NI KITU KIMOJA, JICHO NI JINGINE

Wafanyabiashara wana sababu nzuri ya kutopenda vipimo vya kulinganisha. Bibi na babu zetu walipima kwa shubiri, dhiraa na pima, vipimo vilivyotoka kwenye mwili wa mpimaji. Shubiri ni kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole kidogo mkono ukiwa umepanuliwa. Dhiraa ni kutoka kwenye kiwiko hadi ncha za vidole. Muuza kitambaa mwenye mikono mifupi alikuwa na faida yake hapo. Vivyo hivyo kwa debe lenye kilima juu na gunia la lumbesa lililoshonewa kofia: kila mmoja anasema ni gunia moja, lakini la nani? Ndiyo maana Wakala wa Vipimo hupiga vita lumbesa na kutaka mazao yauzwe kwa mzani. Kilo ya Kate, Namanyere na Dar es Salaam ni ileile.

Kwa hiyo fundi wa tovuti anapomwambia mfanyabiashara kwamba upana wa ukurasa usipimwe kwa kipimo kisichobadilika, bali kwa kipimo kinachofuata ukubwa wa herufi za msomaji, mfanyabiashara huona kama anarudishwa kwenye zama za pima. Tunaelewa shaka hiyo, lakini hapa mambo yamegeuka. Kwenye mzani kinachopimwa ni mali ya muuzaji, na kipimo hakitakiwi kumtazama mtu usoni. Kwenye ukurasa kinachopimwa ni nafasi ya kusomea, na anayesoma ndiye mwenye macho. Mzee wa miaka 65 aliyekuza herufi kwenye simu yake, kijana mwenye simu ndogo ya bei nafuu, na mhasibu wa Dar es Salaam mwenye kioo kipana kama meza hawawezi kuvaa shati la saizi moja.

Aidha, hata hiyo pikseli inayodhaniwa kuwa haibadiliki si nukta halisi ya kioo. Simu yenye nukta 720 kwa upana aghalabu hujitambulisha kwa tovuti kuwa ina pikseli 360, kwa sababu nukta zake ni ndogo mno kuhesabiwa moja moja. Anayedhani kwamba kwa kuandika pikseli 960 ameweka kipimo cha serikali amejidanganya.

HIZO 960 ZILITOKA WAPI?

Katika miaka ya 1990 kompyuta nyingi zilikuwa na vioo vya pikseli 640 kwa 480, kisha vikaja vya 800 kwa 600. Watengenezaji wa kurasa walizoea kuchagua kioo kimoja na kukata kila kitu kwa saizi hiyo, na wengine waliandika chini ya ukurasa kwamba unaonekana vizuri kwenye kioo cha 800 kwa 600. Vilipoenea vioo vya 1024, pikseli 960 zikapendwa kwa kuwa zinaingia humo na kubakiza pembezoni, tena zinagawanyika vizuri kwa 12. Tarakimu hiyo iliwafaa mafundi wa wakati huo. Waliokopi violezo vya zamani wameibeba hadi leo, simu zikiwa zimekwisha kuwa ndicho kioo cha wengi.

Njia iliyo bora ilikuwapo mapema. Kanuni za mitindo ya kurasa, zijulikanazo kwa herufi CSS, zilipendekezwa na Håkon Wium Lie mwaka 1994, na toleo la kwanza likapitishwa na shirika la W3C Desemba 1996. Toleo hilo la kwanza tayari lilikuwa na kipimo kiitwacho em. Toleo la pili, la tarehe 12 Mei 1998, likaongeza agizo liitwalo max-width, yaani upana usiozidi. Wenye hisa watakumbuka kwamba Soko la Hisa la Dar es Salaam lilifanya mauzo yake ya kwanza, ya hisa za TOL, tarehe 15 Aprili 1998. Soko letu la hisa na agizo hilo ni rika moja, wamepishana kwa siku zisizofika 30.

Agizo hilo lilichelewa kutumika kwa sababu kivinjari kilichotawala, Internet Explorer 6 cha mwaka 2001, hakikulijua. Toleo la 7 la mwaka 2006 ndilo lililolielewa. Mwaka 2010 Ethan Marcotte wa Marekani alichapisha makala iliyoeleza namna ya kupanga kurasa zinazojirekebisha kulingana na kioo, na tangu hapo jambo hili limekuwa la kawaida kwa mafundi wanaojua kazi. Hakuna kivinjari kinachotumika leo ambacho hakielewi max-width, wala hakuna sababu ya kulipia ukurasa usiolitumia.

EM NI NINI?

Em ni ukubwa wa herufi mahali husika. Jina lake limetoka kwa wapiga chapa wa zamani waliopanga herufi za risasi kwa mkono, ambao kwao em moja ilikuwa mraba wenye upande sawa na kimo cha herufi hizo. Kwenye kompyuta ni hivyohivyo: herufi zikiwa za pikseli 16, ambao ndio ukubwa wa kawaida wa vivinjari vingi, em moja ni pikseli 16. Msomaji akizikuza ziwe 20, em moja ni pikseli 20. Kipimo kinamfuata yeye.

Herufi moja ya kawaida, tukichanganya nyembamba kama i na pana kama m, huchukua takriban nusu ya em. Kwa hiyo mstari wa em 33 huchukua takriban herufi 66, nafasi kati ya maneno ikiwamo. Tarakimu hiyo haikuokotwa. Robert Bringhurst wa Kanada, katika kitabu chake cha upangaji wa herufi cha mwaka 1992, anaeleza kwamba mstari wa herufi 45 hadi 75 unaridhisha kwa ukurasa wa safu moja, na kwamba 66 ndio mzuri kabisa. Miongozo ya W3C nayo, katika ngazi yake ya juu, inataka mstari usizidi herufi 80. Magazeti yalilijua hilo kitambo: ukurasa wa gazeti ni mpana kuliko kitabu, lakini hakuna mhariri anayetandika mstari mmoja kutoka ukingo hadi ukingo. Huukata ukurasa kwa safu, kwa sababu jicho likifika mwisho wa mstari mrefu hupotea njia wakati wa kurudi.

Tuliweke hilo kwenye hesabu. Ukurasa usio na kikomo chochote, ukifunguliwa kwenye kioo cha ofisini cha pikseli 1920 kwa herufi za 16, utakuwa na mistari ya herufi 240. Maelezo ya soko ya aya nne yanageuka kamba nne ndefu, na mwekezaji anayetaka kujua kwa nini bei ya maharage imepanda atasoma mstari uleule mara mbili kisha ataacha. Kikomo cha pikseli 528 kingempa herufi 66, sawasawa na tunavyotaka. Lakini huyo mzee aliyekuza herufi mara mbili, zikawa 32, atabaki na herufi 33 tu kwa mstari ndani ya hizo pikseli 528, huku kando kukiwa na uwanja mtupu. Tukiandika em 33 badala yake, ukurasa wake unapanuka wenyewe hadi pikseli 1056 na mstari unabaki na herufi 66.

Na kwenye simu ya Kate? Kioo ni pikseli 360. Ukiacha em moja kila upande ili maandishi yasigande kwenye ukingo, zinabaki 328, yaani herufi 41. Ni chini kidogo ya ile 45, lakini panasomeka bila taabu, na hakuna kusukuma pembeni. Kikomo hakikuhitajika hapo, nacho kimekaa kimya. Huo ndio uzuri wa upana usiozidi kuliko upana wa lazima.

MISTARI MINNE INATOSHA

Fundi akikuambia kazi hii ni ya wiki mbili, muulize kwa nini. Kwa kisanduku kikuu cha maandishi, maagizo yenyewe ni haya:

max-width: 35em;
margin: 0 auto;
padding: 0 1em;
box-sizing: border-box;

La kwanza linaweka kikomo. La pili linakiweka kisanduku katikati kioo kikiwa kipana. La tatu linaacha em moja kushoto na moja kulia. La nne linasema kwamba pembezoni hizo zihesabiwe ndani ya zile em 35, ndiyo maana tumeandika 35 ili maandishi yenyewe yabaki na 33.

Msomaji aangalie sana tofauti ya maneno mawili. Ukiandika width: 35em badala ya max-width: 35em, umelazimisha ukurasa uwe na pikseli 560 hata kwenye simu ya 360, na tumerudi kulekule kwa kusukuma kidole. Tumeona kurasa ambazo fundi amejisifu kwamba anatumia em, kumbe amelazimisha upana. Kubadili kipimo bila kubadili agizo ni kuhamisha lumbesa kutoka gunia moja kwenda jingine.

Mwenzake ni yule anayeandika width: 100% pamoja na pembezoni za em moja kila upande, akasahau lile agizo la nne. Asilimia 100 ya 360 ni 360, ongeza 32 za pembezoni, jumla 392. Kioo kimezidiwa kwa pikseli 32, na ukurasa unayumba kushoto na kulia kila ukiugusa, kama debe lililotoboka.

Kuna pia agizo moja ambalo lisipowekwa kichwani mwa ukurasa, hayo mengine yote ni bure. Linaitwa viewport, na maneno yake ni width=device-width, initial-scale=1. Bila hilo simu hudhani ukurasa ni wa kompyuta, hujifanya ina upana mkubwa, kwa kawaida pikseli 980, kisha huubana. Lilianza na simu za iPhone mwaka 2007 na likaigwa na wengine wote. Baadhi ya mafundi huliongezea maneno ya kumzuia msomaji asikuze ukurasa kwa vidole. Mkataze. Huwezi kumuuzia mtu mzigo huku umemfumba macho.

JINGINE LA KULINGANISHA: KULINGANISHA NA NINI?

Si kila kipimo cha kulinganisha kinafaa, na hapa ndipo wengi huteleza. Asilimia nayo ni ya kulinganisha, lakini inalinganisha na kioo au kisanduku, haimjui msomaji. Upana wa asilimia 80 kwenye simu ya 360 ni pikseli 288, herufi 36. Asilimia 80 ileile kwenye kioo cha 1920 ni pikseli 1536, herufi 192. Imetoa nafasi pale palipokuwa pamebana na ikaiacha pale palipokuwa pamezidi. Asilimia ni nzuri kwa kugawana, kama safu mbili ndani ya kisanduku kimoja. Si kikomo.

Kipimo cha vw, ambacho ni asilimia moja ya upana wa dirisha, kina tabia hiyohiyo, na kina hatari zaidi kikitumika kwa ukubwa wa herufi. Herufi zilizopimwa kwa vw peke yake hazikui msomaji wa kompyuta anapokuza ukurasa. Kwa maoni yetu hakina kazi kwenye ukurasa wa bei.

Kipo ch, ambacho ni upana wa tarakimu sifuri ya herufi zinazotumika. Wengi hukipenda kwa kuwa kinafanana na kuhesabu herufi, ila wajue kwamba katika herufi za kawaida sifuri ni pana kuliko wastani wa herufi ndogo, hivyo 60ch itabeba herufi zaidi ya 60. Kwa safu za tarakimu, kinyume chake, ch ni sahihi mno: ukitaka nafasi ya bei yenye tarakimu saba na mkato wake, ch itakupa karibu kabisa na unachotaka.

Em yenyewe ina mtego. Inatazama ukubwa wa herufi mahali ilipo, si wa ukurasa mzima. Kichwa cha habari chenye herufi mara mbili, ukikipa kikomo cha em 33, kitakwenda hadi pikseli 1056 wakati aya zake zimeishia 528, na ukurasa utaonekana kama mtu aliyevaa kofia ya kaka yake. Aidha, ukipunguza herufi hadi em 0.8 ndani ya kisanduku ambacho nacho kimepunguzwa hadi 0.8, unapata 0.64: kutoka 16 hadi 12.8, kisha hadi 10.24, na tanbihi ya masharti ya malipo, ambayo ndiyo mteja alitakiwa kuiona, imekuwa chembe za ulezi. Dawa yake ni rem, inayotazama ukubwa wa herufi wa ukurasa wote popote inapoandikwa. Kwa kikomo cha ukurasa, em ya kisanduku kikuu na rem hutoa jibu moja iwapo kisanduku hicho hakijabadilishiwa herufi. Asiye na uhakika atumie rem.

KISWAHILI CHETU NA MANENO MAREFU

Miongozo hiyo iliandikwa na watu wa lugha zenye maneno mafupi kuliko yetu. Kiswahili hufunga mtenda, wakati na mtendwa katika neno moja. Neno kama watakapowafikishia lina herufi 18. Kwenye simu yenye mstari wa herufi 41 linakula karibu nusu ya mstari, na likikosa nafasi linashuka lote na kuacha pengo.

Kwa sababu hiyo tunashauri mambo mawili. Kwanza, maandishi ya tovuti yapangwe kufuata ukingo wa kushoto tu. Mtindo wa kunyoosha kingo zote mbili, unaopendeza kwenye gazeti ambako mpangaji hukata maneno kwa kistari, huzaa mashimo makubwa kati ya maneno kwenye simu. Pili, 66 isishikwe kama kifungu cha sheria. Ukurasa wa uchambuzi wenye maneno marefu ukiwekwa em 36 au 37 haujaharibika. Ila usivuke 40.

JEDWALI LA BEI

Hapa ndipo palipo na fedha, na hapa kikomo cha upana peke yake hakitoshi. Aya hujikunja, jedwali halijikunji. Hata W3C, katika miongozo yake ya mwaka 2018 inayotaka ukurasa usomeke kwa upana wa pikseli 320 bila kusukumwa pande mbili, iliyaacha majedwali ya takwimu nje ya sharti hilo.

Njia ya kwanza, na tunaipendelea, ni kupunguza safu. Rudi kwenye lile jedwali la safu sita. Kama bei zote ni za siku moja, tarehe haihitaji safu. Iandikwe juu ya jedwali, kwa herufi nzito. Kama yote ni mahindi, zao liwe kichwa cha jedwali. Kipimo kiwe kimoja kwa masoko yote, kilo, na kiandikwe kwenye kichwa cha safu ya bei. Zinabaki safu tatu: soko, bei ya chini, bei ya juu. Hizo zinaingia kwenye simu ya 360 bila kelele, na jina la soko linakaa jirani na bei yake. Mwenye mazao manne aweke majedwali manne mafupi, moja chini ya jingine. Watu wamezoea kusukuma ukurasa kwenda chini, si pembeni.

Njia ya pili ni kwa asiyeweza kupunguza, mathalani mwenye kuonyesha hisa pamoja na bei ya kufungua, ya kufunga, kiasi kilichouzwa na badiliko. Jedwali liwekwe ndani ya kisanduku chake chenye agizo overflow-x: auto, ili jedwali tu ndilo lisogee pembeni na ukurasa ubaki umetulia. Kisha safu ya kwanza igandishwe kwa position: sticky na left: 0, ipewe na rangi ya nyuma ili tarakimu zisipite chini yake. Jina la kampuni au soko litabaki mbele ya macho hata msomaji akisogea hadi safu ya mwisho. Yule mkulima wetu aliyechanganya Tunduma na Sumbawanga asingechanganya.

Tarakimu zipangwe kwa ukingo wa kulia, elfu zitenganishwe kwa mkato, na upana wa jedwali usitandazwe kujaza kioo kipana. Jedwali la safu tatu lililotandazwa kwenye pikseli 1920 linaiacha bei mbali na soko lake kwa karibu urefu wa rula, na kosa lilelile la kuteleza mstari linarudi, safari hii kwa mwenye kompyuta kubwa.

Kuhusu picha, max-width: 100% na height: auto vitazizuia zisitoke nje ya kisanduku. Msomaji asidhani kwamba kwa kuibana picha ameokoa bando la mteja. Picha ya megabaiti tatu iliyobanwa hadi upana wa simu bado ni megabaiti tatu, na anayelipa ni yule aliyepo Kate. Wanaotumia Opera Mini hupunguziwa mzigo huo na mitambo ya Opera kabla haujawafikia, wengine hawapunguziwi.

KABLA YA KULIPA FUNDI

Usipokee kazi kwa kuitazama kwenye kompyuta ya fundi mwenyewe. Fungua ukurasa kwenye simu ndogo kuliko zote uliyonayo, toka nje juani, na usome bei ya soko la mwisho kwenye orodha. Kisha ingia kwenye mpangilio wa simu, kuza herufi hadi kiwango cha juu, na urudi. Ukurasa ukianza kuyumba pembeni, au maandishi yakipandana, bado kuna pikseli zilizofichwa mahali. Kwenye kompyuta kuza ukurasa hadi asilimia 200, halafu lirudishe dirisha na ulipanue hadi mwisho uhesabu herufi za mstari mmoja wa aya. Zikizidi 80, kikomo hakijawekwa.

Kwenye mkataba usiandike kwamba tovuti iwe ya kisasa, maana kila fundi ana usasa wake. Andika kwamba ukurasa usomeke kwa upana wa pikseli 320 bila kusukumwa pembeni isipokuwa majedwali ndani ya visanduku vyake. Kwamba mstari wa maandishi usizidi herufi 80 kwenye kioo chochote. Kwamba kikomo kipimwe kwa em au rem. Na kwamba msomaji asizuiwe kukuza. Malipo ya mwisho yasubiri majaribio hayo yafanyike mbele yako, na fundi akusomee mwenyewe bei ya Kasanga kwenye simu yenye herufi zilizokuzwa.

Toleo lijalo: uzito wa picha na gharama ya bando kwa mteja wa kijijini.